Dundu Niliyemchoma Bila Kumtazama

Mama mwenzangu unayeishi na mtoto machimboni, mwanao akikupa kitu akasema usikiguse, usikiguse. Mimi nilikigusa, ndiyo maana siku hizi napika ugali wa mtu mmoja.

Masalu wangu alikuwa mchomaji hapa Nyarugusu. Wachimbaji walimletea dhahabu iliyoshikana na zebaki, akaichoma mpaka ikabaki yenyewe. Kazi ile haina maswali. Dhahabu ikishayeyuka ni ya aliyeishika, ndivyo tulivyozoea wote, hata mimi muuza maandazi.

Siku moja broka mmoja wa dhahabu, Ignas, alimletea mikufu na bangili ndani ya mfuko wa mchele. Masalu akachoma. Cha mwisho kilikuwa dundu, yule mdudu anayeviringisha mavi ya ng'ombe, wa dhahabu tupu, tumboni kachorwa ndege na macho. Akazima moto. Picha ya mdudu huyo aliiona imebandikwa kituo cha polisi. Akamdanganya Ignas kwamba gesi imekwisha, amwachie dundu, arudi kesho.

Mchana akaja nyumbani, kamfunga dundu kwenye kipande cha kanga.

"Mayu, mama yangu, kisiguswe mpaka nirudi. Kuna mpelelezi yuko Geita, anatafuta vitu vilivyoibwa, vya makaburi ya wafalme wa Misri. Namfuata."

"Si umpigie simu?"

"Namba yake nitaitoa wapi?" Akacheka. "Kaa na mdudu wako, asikuume tu."

Haijapita hata saa moja, jirani yangu Justa akapita mbio. "Mama Masalu! Polisi wako karashani, kwenye mashine za kusaga mawe, wanapekua wachomaji wote! Leo atakayekutwa na kitu ataozea ndani!"

Simu ya Masalu haikupatikana, na sikuwa na mwingine wa kumuuliza. Baba yake Masalu alifukiwa na duara, shimo la wachimbaji, mtoto akiwa darasa la pili, tangu hapo nyumba ni sisi wawili. Nikawaza, wakimchukua na huyu nabaki na nani? Nikachukua kibakuli chake cha akiba cha kuyeyushia, nikawasha gesi kama nilivyomwona akiwasha miaka yote. Kanga sikuifungua. Niliogopa kukitazama. Kikaungua na kitambaa chake, likabaki donge kama njugu.

Saa kumi Masalu akarudi na mwanamke mrefu, viatu vimejaa vumbi.

"Shikamoo mama. Naitwa Bhoke, mimi ndiye mpelelezi. Hawa wezi nimewafuata Kahama, nikawafuata Runzewe. Kila nikifika, nakuta vimeshayeyushwa. Chako ndicho cha kwanza kupona."

Nikampa donge. Masalu akashika kichwa.

Bhoke aliketi kwenye kigoda changu, akaligeuza kiganjani muda mrefu. "Mama, hili halina jina tena. Ile michoro ingemfunga Ignas, na mwanao angekuwa shahidi wangu. Walau ulimwona huyo mdudu? Unaweza kueleza alivyokuwa?"

"Sikumfungua, mwanangu."

Ignas walimkamata Kahama akipanda basi, mfuko mtupu. Akasema hajui kitu, mwizi ni mchomaji. Masalu alikuwa amekiri kwa mdomo wake kwamba mikufu aliiyeyusha yeye, na donge limetoka nyumbani kwetu. Bhoke alimtetea mahakamani, haikusaidia. Mwanangu akafungwa. Ignas akaenda zake.

Wiki iliyopita nilikwenda gerezani. Hakunilaumu, na hilo ndilo linaniumiza. Nikamuuliza, "Alikuwaje yule mdudu?"

"Ana miguu sita, mayu. Kila mguu umechorwa vinywele."

Justa siku hizi akipita haingii. Anayenipigia simu ni Bhoke, bado anamsaka Ignas, naye nadhani hana mtu wa kuongea naye jioni. Juzi nikamwambia, nimekumbuka, andika: miguu sita, ina vinywele.

Akasema, "Hayo umeambiwa, mama. Mimi nataka uliyoyaona."

Nilichokiona ni kanga ikiungua.