Macho Mapya ya Walburg

Walburg Trautner alikuwa ameificha mikono chini ya aproni, kama mtoto aliyekatazwa kudokoa. Mbele yake, juu ya kitambaa cha meza, palikuwa na vitu viwili vya mti mweupe: tufe la kujaa kiganja, na mchemraba wa kimo hichohicho. Alivitazama huku machozi yakimtiririka, si ya huzuni bali ya mwanga.

"Haya, Bi Walburg," alisema Daktari Konrad Ahlefeld. "La mviringo ni lipi?"

"Daktari, naona doa jeupe, na doa jingine jeupe. Niache niguse, nitakwambia sasa hivi."

"Ukigusa, tutakuwa tumeviuliza vidole."

"Basi viulizeni! Miaka thelathini na minne havijanidanganya hata siku moja."

Konrad aliandika: *Siku ya kumi. Hajui.* Kisha akaweka kalamu chini na kujifinya katikati ya macho. Alikuwa amechoka uchovu usiotibika kwa usingizi.

Walburg, mfumaji wa soksi katika mji wa Halle, alizaliwa na mtoto wa jicho katika macho yote mawili. Mwezi uliopita daktari wa upasuaji alimwondolea utando ule, na bandeji zilipofunguliwa Konrad alikuwa wa kwanza kumwomba muda wake. Mtu anayeona kwa mara ya kwanza akiwa mtu mzima hapatikani kila mwaka, na Konrad alikuwa amemngoja mtu kama huyo kwa miaka kumi na mitano.

Yote yalianza darasani kwa Profesa Hagedorn. Konrad, kijana wa miaka ishirini, alimsikia mzee akisema kwamba ulimwengu hauingii ndani yetu kama maji katika mtungi. Jicho hubisha hodi tu. Nafsi ndiyo inayofungua, na huko ndani nyumba imekwisha kupangwa: mahali, ukubwa, umbo. Kijana alitoka mle akitetemeka. Tangu siku hiyo alipasua macho ya ng'ombe, akasaga vioo na kupima mishipa ya fahamu, ili kile alichokiamini kwa falsafa akithibitishe kwa vipimo. Siku hizi madaktari wenzake waliita kazi hiyo moshi usio na moto. Lakini kama nyumba ile ya ndani ilikuwa moja kwa jicho na kwa kidole, basi Walburg angelitambua tufe bila kufundishwa na mtu. Alhamisi Konrad angesoma taarifa yake mbele ya jopo la wanazuoni.

Siku ya kumi na moja Hagedorn alikuja mwenyewe. Alikuwa na miaka sabini na minane, na kila ngazi aliyoipanda ilisikika kifuani mwake. Aliketi na kuiegemea fimbo yake. Kitambaa cha meza kilikuwa kimepelekwa kufuliwa, kwa hiyo Konrad alivipanga vile vitu juu ya ubao mtupu.

Walburg hakusita. "La kushoto ndilo la mviringo."

"Andika!" Mzee aligonga fimbo sakafuni. "Andika, Konrad, mwanangu!"

Konrad aliandika: *Anajua.* Hakuhisi furaha, bali raha ya mtu aliyetuliwa mzigo kichwani. Kumbe ingewezekana kupumzika. Lakini wino ulipokuwa ukikauka, mdomo wake uliuliza wenyewe: "Umejuaje, Bi Walburg?"

"Swali la nini tena hilo?" alisema mzee.

"Nimelisikia," Walburg alijibu. "Ulipoliweka lilibingirika kidogo, ukalizuia."

Hagedorn alikohoa.

"Amejua. Alijuaje, hilo ni jambo la pili."

"Mwalimu, hilo ndilo jambo lenyewe."

"Alhamisi watakucheka."

"Wamekwisha kunicheka."

"Na mimi je? Mimi nina Alhamisi ngapi zilizobaki?"

Konrad aliitazama karatasi yake. Mzee huyu ndiye aliyempa kila kitu alichokuwa nacho, na neno moja tu kwenye karatasi lingetosha kumlipa.

"Mnagombana kwa ajili yangu?" Walburg alipangusa macho kwa aproni. "Nisameheni. Lakini hebu niambieni: nyinyi mnaoona, mnaifanya kazi hii kutwa nzima? Kila doa kuliuliza wewe nani, uko mbali au karibu? Hamchoki?"

Konrad alimkazia macho. Kwa siku kumi na moja alikuwa amechungulia akitafuta nyumba iliyokamilika, kumbe mwanamke huyu alikuwa bado akibeba mawe ya kuijenga. Konrad mwenyewe lazima aliwahi kuyabeba, utotoni, kabla ya kumbukumbu yoyote, akasahau.

Alifuta sentensi yake na kuandika upya: *Hajui.* Kisha akasema, "Nyoosha mikono, mama. Gusa."

Walburg aliunyakua mchemraba. Alifumba macho, akaupapasa, akafumbua. Akafumba tena, akafumbua.

"Kumbe pembe huonekana hivi," alinong'ona. "Pale weupe unapovunjika."

Hagedorn alikuwa ameinamia fimbo yake. "Lakini anayejifunza ni nani, kama hamna mtu ndani?"

"Sikusema hamna mtu, Mwalimu. Nasema anafanya kazi. Nasema anachoka."

Walburg aliuweka mchemraba mezani, akageuza uso wake upande ilikotoka sauti ya mzee.

"Mzee, na wewe naweza kukugusa? Uso wako umekuwa doa tu tangu uingie."

Konrad alitarajia mzee akatae. Katika miaka yote hiyo hakuwahi kuona mtu akimgusa zaidi ya kumpa mkono. Lakini Hagedorn alivua miwani, akaishikilia mapajani.

Vidole vya mfumaji vilipita kwenye paji la uso lenye makunyanzi, vikashuka kwenye mifuko ya macho, vikapumzika kwenye pembe za mdomo ambazo zilikuwa zikicheza. Alifumba macho yake muda mrefu. Alipoyafumbua hakuondoa mikono, akatazama, na kutazama tena.

"Aa," alisema polepole. "Basi huzuni iko hivi."

Hagedorn hakujitoa. Konrad alichovya kalamu wino, lakini hakuandika kitu.