Mkanda wa Cherehani cha Othmani

Haya ni kweli tupu, haki ya Mungu. Nikiongopa hata tone, nibebeshwe tenga la nyanya kichwani, mchana kweupe, kutoka Mlandege hadi sokoni.

Mwaka wa hamsini na nne, fundi Othmani alikuwa na cherehani cha mguu kibarazani kwake, Mlandege, Iringa. Akikanyaga, kuku walihama mtaa. Jumamosi moja akaja Damari, mkulima wa Ilula, tenga la nyanya kichwani, kitambaa cheupe kwapani. Bintiye alikuwa anaolewa kesho yake.

"Fundi, gauni liishe leo. Lori letu linaondoka saa kumi."

"Mama, hapa ni mjini. Kaa, upepee nyanya zako."

Othmani akakanyaga kwa mbwembwe. Upande mmoja ukaisha, wa pili ukaanza, mara pwaa! Mkanda ukakatika. Wa kubadilisha ulikuwa Mbeya, safari ya siku nzima.

Akaushika kama nyoka aliyekufa. Miaka kumi miguu yake ndiyo iliyoshona. Mikono ilikuwa wageni tu.

"Basi," akasema, "mwombe mchungaji asogeze harusi."

"Nipishe," akasema Damari.

"Wewe? Hiki si jembe, mama! Hata wanaume wa kwenu hawajakiona. Ukimaliza gauni hilo, nakubebea tenga lako hadi sokoni. Kichwani, na ngata!"

Damari akaketi. Mkono wa kulia ukazungusha gurudumu dogo la juu, wa kushoto ukaongoza kitambaa. Kule Ilula akina mama wa kanisa walikuwa na cherehani kimoja cha mkono, wakipokezana. Mkanda hawakuwa nao, wala hawakuuhitaji. Saa tisa gauni likakunjwa.

Naye Othmani, mtu wa ahadi, akainama alibebe tenga. Lo! Tai mkubwa akashuka, akalinyakua tenga zima, nyanya zikanyesha mpaka Mafinga!

"Tai?"

Sauti imetoka nyuma yangu. Ni Damari mwenyewe, bibi sasa, kashuka kwenye basi la Ilula na tenga lake.

"Tai gani, we Othmani? Si ulisema mguu umeteguka, ukajifungia ndani mpaka lori likaondoka?"

"Karibu, Bi Damari. Nilikuwa nawasimulia habari za fundi mmoja tu..."

"Fundi mmoja! Inama."

Nimeinama. Ngata kaisuka yeye, kwa kanzu yangu ya Ijumaa. Ni saa sita mchana, Mlandege nzima iko milangoni, na nyanya moja iliyopasuka inanitiririkia shingoni.