Komeo la Upande wa Ndani

Mkataba ulikuwa mezani, kando ya keki. Nidia ndiye aliyeviweka vyote viwili kwa mikono yake yenye pete nyingi, akanibusu kwenye paji la uso mbele ya wasichana wote wa studio, akasema, "Kula kwanza, mwanangu. Kusaini hakuna haraka. Mpaka Jumamosi."

Ilikuwa Jumatatu, siku niliyotimiza miaka ishirini na tisa. Keki ilikuwa ya mananasi na mkataba ulikuwa wa miaka mitatu. Nilikula vipande viwili, maana sijawahi kuacha chakula kwa sababu ya mawazo, na ile karatasi nikaisukuma chini ya mkoba wangu.

Watu wakisikia kwamba niliwahi kufanya kazi ya kamera chini ya mwenye studio, hungoja niwasimulie habari za mtu katili. Samahani, sina. Nidia alikuwa mtu mwema. Kila Ijumaa alitupikia supu ya kuku na ndizi katika sufuria ambamo ungeweza kumwogesha mtoto, na mmoja wetu akiugua, yeye ndiye aliyempeleka hospitali. Studio yake ilikuwa juu ya duka la miwani, katikati ya mji wa Pereira. Kila chumba kilikuwa na kitanda, taa, kamera, na dirisha la uongo lenye pazia la kweli. Mle ndimo tulimovua nguo na kupiga soga na wanaume wa nchi za baridi waliolipa kututazama. Nidia alichukua zaidi ya nusu, nasi tuliona sawa tu. Taa zake, umeme wake, supu yake.

Hata maneno yalikuwa yake. Kiingereza changu kiliishia kwenye salamu, kwa hiyo Duván, mwanamume mwenye kitambi na moyo laini, alikaa chumba cha nyuma akiwaandikia wateja kwa jina langu, huku mimi nikitabasamu na kujifanya nabonyeza vitufe. Jina langu la pale lilikuwa Salomé.

Wiki chache kabla ya keki, mteja mmoja aliandika kunishukuru kwa usiku tuliokesha tukizungumza habari za mama yake aliyefariki. Duván aliponitafsiria, nilishangaa.

"Usiku gani huo?"

"Wa Jumapili, malkia."

"Jumapili mimi nilikuwa kwetu, nimelala."

"Wewe ulikuwa umelala. Salomé alikuwa macho." Akacheka, kisha akaona mimi sicheki. "Aa, usinune bwana. Nilimfariji vizuri. Hata machozi yalinitoka."

Sikumkasirikia Duván. Nilichoona ni wivu. Kuna mtu alikuwa ametumia uso wangu kutenda jambo jema, na mimi sikuwepo. Ndipo nikamkumbuka Paloma. Tangu niingie pale nilikuwa nimeshawaona akina Paloma watatu: msichana akiondoka, jina na akaunti vilibaki, kisha akawekwa mwingine mwenye nywele za rangi ile ile. Mkataba ulisema hivyo hivyo kuhusu mimi. Jina, picha na wateja vingekuwa mali ya studio. Nikisaini, siku moja ningetoka mikono mitupu na kumwachia mtu mwingine nafsi yangu. Nikikataa, ningetoka Jumamosi ile ile, Salomé nimwache palepale, nianze upya peke yangu kwa Kiingereza changu cha salamu, bila hata mtazamaji mmoja.

Peke yangu sawa, lakini wapi? Hapo ndipo palipokuwa na kazi.

Niliishi Dosquebradas, ng'ambo ya daraja kuu, na mama yangu Floralba, mshonaji wa suruali. Sikuwa nimemficha. Wiki ya kwanza tu nilimwambia wazi ni kazi gani niliyoipata, naye alinisikiliza mpaka mwisho, pini zikiwa mdomoni. Alipozitoa alisema, "Umeshakuwa mtu mzima. Lakini kazi hiyo ibaki ng'ambo ya daraja. Humu uingie wewe tu." Tangu hapo aliiita ofisi. Kila asubuhi aliniuliza kama huko ofisini kuna baridi. Nilijua kwamba kuulizwa hivyo ndiko kupendwa, kwa hiyo nilimjibu kuwa ipo kidogo, naye akanipa sweta. Nilivaa sweta ile kila siku mpaka mlangoni kwa Nidia.

Kupanga chumba kwa ajili ya kazi ile kulikuwa kujitafutia balaa. Mwenzetu mmoja alijaribu. Mwenye nyumba akapata habari, akawa anamgongea mlango kila akilewa. Nilikuwa na mahali pamoja tu, chumba changu cha utotoni, nacho kilikuwa upande usioruhusiwa wa daraja.

Jumatano alfajiri nilimkuta mama jikoni akichoma arepa, vile vimkate vyetu vya mahindi.

"Mama, nataka kuacha ofisi."

Uso wake wote ulifunguka. "Kweli, mwanangu?"

"Nataka kuihamishia hapa."

Mpaka leo najuta kuanza na lile la kwanza.

"Hapa wapi?"

"Chumbani kwangu. Mchana tu, mlango umefungwa. Kila kitu kitakuwa changu, mama. Hakuna wa kunisemea wala wa kunigawia."

"Na Obdulia hapo jirani akiuliza unafanya nini humo kutwa nzima?"

"Mwambie nafundisha."

"Unafundisha nini?"

Mama aliigeuza arepa kabla haijaiva, ikakatika vipande. Nilipoondoka hakuniuliza habari za baridi.

Siku zilizofuata tulizungumza kupitia kwa paka. "Mwambie huyo chakula chake kiko jikoni," mama alimwambia paka. "Mwambie mama nashukuru," nami nikamwambia paka. Paka alitutazama kwa zamu, akaona hatuna akili, akaenda zake.

Nilimwelewa mama. Nyumba ile aliijenga tofali kwa tofali baada ya baba kutukimbia, na kila tofali lilikuwa suruali alizowashonea watu. Angeweza kunifukuza tangu mwanzo na mtaa mzima ungempongeza. Badala yake alinipa sweta. Ijumaa jioni, nikila ile supu ya Nidia, niliamua nitasaini. Salomé waende naye. Floralba nilikuwa na mmoja tu, na nilimpenda kuliko jina lolote ambalo mtu angeweza kuniandikia kwenye karatasi.

Jumamosi asubuhi nilikuwa naoga nikasikia keekee inapekecha mbao. Nilitoka na taulo kichwani. Mama alikuwa chumbani mwangu, amepiga magoti nyuma ya mlango, vumbi la mbao limemjaa kwenye nyusi.

"Mama, unafanya nini?"

Hakumtuma paka. "Nishikie hizi skrubu."

Lilikuwa komeo jeusi, zito, la kufungia zizi la ng'ombe. Alikuwa amelipachika upande wa ndani, na lilikuwa limekwenda mshazari.

"Huko ofisini kwenu," alisema, bisibisi mkononi, "vyumba vinafungwaje?"

"Havifungwi. Nidia huingia akitaka, kutengeneza taa. Duván naye vilevile."

"Nilijua." Akakaza skrubu mpaka mshipa ukamtoka shingoni. "Mimi nilishona kiwandani miaka mingi. Msimamizi alikuwa anakuja nyuma yangu hata hakohoi, nashtukia pumzi yake shingoni. Nilipoileta cherehani hapa nyumbani, unajua nilifurahia nini? Si pesa, pesa zilikuwa zile zile. Nilifurahi kwamba anayenijia lazima abishe hodi kwanza."

"Mama, si lazima. Nimeshaamua ku—"

"Nyamaza, nisije nikabadili mawazo. Kazi yenyewe sijaipenda. Sitaipenda. Nikifa mnizike nikiwa bado sijaipenda. Lakini kama utaifanya, basi wa kufungua na kufunga awe wewe. Hata mimi nitabisha hodi."

Ungemjua mama yangu ungelia kama nilivyolia mimi. Mama hakuwa amewahi kubisha hodi kwenye mlango wowote wa nyumba ile. Hata bafuni aliingia tu nikiwa naoga, akitafuta ndoo.

"Usizililie skrubu," alisema. "Zitapata kutu."

Nidia naye alilia, mchana ule, nilipomrudishia mkataba bila saini. "Nimekukosea nini, mwanangu?" aliniuliza, na nilimwambia ukweli, kwamba hakunikosea kitu. Alinikumbusha kwamba Salomé anabaki. Nikamwambia najua, amtunze. Alizungukazunguka ofisini mwake akipangusa pua, kisha akanisukumia taa moja yenye mguu mbovu, akasema alikuwa anataka kuitupa hata hivyo, jambo ambalo halikuwa kweli. Duván alinibebea mpaka kituoni. "Sasa utawafariji mwenyewe, malkia," aliniambia, akanikumbatia na taa katikati yetu.

Leo nina miaka arobaini na tatu na kazi ile nilishaiacha. Wasichana wanaotaka kuianza huja kuniuliza lipi bora, kuwa na mtu wa kukusimamia au kujisimamia. Huwa nawajibu kwamba sijui, na nadhani hawanipendi kwa hilo. Chini ya Nidia sikuwahi kukaa mbele ya kamera bila mtazamaji. Hilo nalo ni jambo kubwa, na nililijua vizuri Jumatatu ile ya kwanza ya kufanyia kazi nyumbani.

Nilifunga komeo. Nikawasha taa ya Nidia, nikaiegemeza ukutani isianguke. Nilikuwa nimejipa jina jipya, ambalo sitalitaja hapa kwa sababu hilo ni langu. Nikaketi kitandani, nikatabasamu, nikangoja. Nilitabasamu mpaka mashavu yakauma. Mtazamaji mmoja aliingia mtandaoni, hakusalimia, akatoka. Baada ya hapo nilibaki nikijitazama kwenye kioo cha kompyuta, mwanamke mzima aliyejipamba kwa ajili ya ukuta. Nilijiona mjinga. Nilizima kamera, nikavaa gauni, nikajiambia kesho nitampigia Nidia simu nimwombe msamaha.

"Hodi."

Nilidhani nimesikia vibaya.

"Hodi, nimesema. Mkono unaniuma kugonga."

"Karibu, mama. Nimezima."

Nilivuta komeo. Mama alisimama kizingitini, kitambaa cha suruali begani, macho ameyaelekeza darini kana kwamba anakagua kama paa linavuja.

"Wamekuja wangapi?"

"Mmoja. Akaondoka."

"Hakuaga?"

"Hakuaga."

"Mshenzi," alisema mama, kwa hasira ya kweli.

Kisha akaingia. Alitembea polepole, akaitazama taa, akaitazama kamera na kuipita kwa mbali kama mtu anayempita mbwa asiyemjua. Mbele ya kitanda alisimama.

"Na shuka ndiyo umeitandika hivi? Nani atakaa na mtu ambaye shuka yake iko hivi?"

Aliinama. Aliivuta kona moja, akazunguka akaivuta ya pili, akaichomeka chini ya godoro kwa kiganja kilicho wima, akalaza mkunjo wa mwisho taratibu mpaka ukaisha. Hakunitazama hata mara moja. Alipomaliza alijipangusa mikono, akatoka, akauvuta mlango nyuma yake.

"Funga," alisema akiwa nje.

Nikafunga. Hakuondoka pale mlangoni mpaka aliposikia komeo limeingia mahali pake.