Jiwe la Upande wa Kushoto

Najat alikuwa akigeuza samaki kwenye karai la mafuta, pale Kunduchi anapofanyia biashara yake, maumivu yalipomshika kiunoni upande wa kushoto. Yakashuka mpaka kwenye kinena, yakamtapisha. Alikuwa na mimba ya miezi saba. Mwaka juzi mtoto wake wa kwanza alizaliwa kwa miezi hiyohiyo na hakumaliza siku mbili. Ndiyo maana mama yake, Mwanakombo, alizima jiko papo hapo, akaita bajaji, wakaenda hospitali ndogo ya binafsi Tegeta.

Dokta Wilfred alimpapasa tumbo, akakunja uso. "Naona uchungu umeanza mapema. Naita gari la wagonjwa, aende hospitali kubwa. Kabla hajaondoka, Hawra amtazame mtoto."

Hawra, binti wa Kihindi wa jamii ya Khoja, alikuwa akipiga ultrasaundi hospitalini hapo kwa miaka kumi na moja.

"Shikamoo, mama," alimwambia Mwanakombo.

"Marahaba, mwanangu. Niambie ukweli tu."

Hawra alimpaka Najat jeli, akapitisha kifaa tumboni. Moyo wa mtoto ulikuwa ukipiga vizuri, na mlango wa kizazi ulikuwa umefunga kabisa.

"Huu si uchungu," alisema.

"Sasa nini kinanikata hivi, dada?"

"Ndo mie natafuta."

Akahamia kwenye figo. Ya kushoto ilikuwa imevimba kwa mkojo. Dokta Wilfred, aliyesimama mlangoni, akatikisa kichwa. "Mjamzito figo hujaa, Hawra. Kizazi kinabana mirija."

"Kweli, Dokta. Lakini mara nyingi hujaa ya kulia. Yake ya kulia iko sawa. Iliyojaa ni ya kushoto, na ndiko anakoumwa."

"Jiwe umeliona?"

"Bado."

"Siti skani ingetuonyesha mara moja, ila kwa mimba hii sithubutu kumpiga mionzi."

"Hatutaihitaji. Nipe nusu saa."

"Gari liko njiani."

"Lisubiri," alisema Hawra, bila kupandisha sauti.

Muuguzi Editha akatundika dripu ili kibofu kijae. Kilipojaa, Hawra alimlaza Najat kwa ubavu wa kulia, kizazi kisikandamize mrija wa kushoto, kisha akamwita Mwanakombo karibu na kioo cha mashine.

"Kila figo ina mrija wake wa kuleta mkojo kwenye kibofu, mama. Mkojo ukifika, unaruka. Ukiruka, hapa utauona kwa rangi. Hesabu na mie."

Upande wa kulia, mwale mwekundu ukaruka, ukazimika. Ukaruka tena. Kwa dakika tano Mwanakombo alihesabu kumi na mbili. Upande wa kushoto hapakuruka kitu.

"Umeziba," Mwanakombo alisema, kabla hajaambiwa.

"Umeziba. Sasa tuone umezibwa na nini."

Hawra akasogeza kifaa taratibu, akasimama pale mrija wa kushoto unapoingilia kibofuni. Palikuwa na doa jeupe, dogo kama punje ya mtama. Alipowasha rangi, doa likametameta kwa nyekundu na buluu, kama vile mawe hufanya kwenye mashine ile. Akalipima: milimita tano.

Dokta Wilfred alisogea, akainama, akatazama kwa muda. Kisha akatoa simu na kulirudisha gari.

"Hili linaweza kutoka lenyewe," alimwambia Najat. "Tutakulaza, tukupe dripu na dawa ya maumivu. Homa ikipanda tu, nakupeleka kwa wataalamu siku hiyohiyo."

Najat alilia kidogo, mkono tumboni. "Kwa hiyo mtoto haji sasa?"

"Haji," alisema Hawra. "Ana miezi miwili yake."

Homa haikupanda. Asubuhi ya siku ya tatu, Najat alimwita Editha chooni na kumwonyesha chachi aliyopewa ya kuchujia mkojo: kijiwe cha kahawia, chenye ncha. Hawra akarudia kipimo. Mkojo ukaruka pande zote mbili.

Mtoto alizaliwa wakati wake, msichana wa kilo tatu na robo. Arobaini ilipokwisha, Mwanakombo alimbeba mwenyewe mpaka Tegeta, Hawra amwone. Alikuta foleni ndefu nje ya chumba cha Hawra. Watu wa foleni wakamwambia apite tu. Akakataa, akakaa kwenye benchi na mjukuu wake, wakangoja zamu.