Nzi Wanaofuata Harufu ya Mvua

Watu wa Kwa Vonza walimcheka Nzilani mpaka wakachoka. Msichana amesoma mpaka chuo kikuu, halafu kazi yake ni kufuga nzi! Wale wadogo wa ndizi iliyoiva. Mwenyewe hakujali. Ubongo wa nzi, alisema, ni mdogo kuliko mbegu ya sukuma wiki, lakini seli zake zinapashana habari kama zetu. Nzi wa kawaida akinusa udongo uliolowa hukimbia, maana ni harufu ya kuvu. Nzilani alikuwa ameunda kiungo kipya kati ya seli mbili zisizojuana, na nzi wake sasa waliikimbilia ile harufu. Ukoo huo haukuwepo kwingine popote, na shahada yake yote ilikuwa hapo. Wakifa, anaanza upya.

Sasa, chakula cha nzi hupikwa kwa unga wa mahindi, kama uji mzito. Unga wa maabara ulipoisha, Nzilani hakungoja. Si mamake alikuwa ametuma unga kutoka nyumbani Mbumbuni? Akaupika, akahamisha nzi wote. Wote, jamani, bila kubakisha hata chupa moja!

Jumanne asubuhi walikuwa wamelala miguu juu. Nzilani alilia kwa sauti. Kisha akakumbuka chupa za zamani, zilizokuwa bado chafu kwa sababu mfereji ulikuwa umekauka. Funza ndani walikuwa wamekufa kwa chakula kukauka, lakini kwenye kuta za chupa kulikuwa na wengine waliojifungia ndani ya maganda, wakingoja kuwa nzi. Akawabandua mmoja mmoja kwa brashi yenye maji.

Jioni akajaribu ule unga kwa nzi wa kawaida. Wakafa pia. Hapo akajua ni dawa ya dumuzi, ile inayopakwa mahindi yasitobolewe.

Jumapili maganda yakapasuka. Akawawekea nzi wapya harufu ya udongo, wakaikimbilia kama watoto walioona mandazi. Nzilani akapiga vigelegele peke yake, akampigia mamake simu kumchokoza.

“Mwaitu, unga wako ulitaka kunimalizia nzi! Una dawa ya dumuzi. Si huwa unaosha mahindi kabla ya kusaga?”

“Maji ningetoa wapi, na kisima kimekauka? Nilipepeta tu.” “Nzilani, huo unga ndio tunakula hapa. Susu, nyanya yako, anatapika tangu Alhamisi. Tulidhani ni uzee.”

Kicheko kikamkauka mdomoni. “Mwageni wote, Mama. Mpelekeni Susu hospitali sasa hivi.”

“Wewe ulijua lini?”

Angeweza kudanganya.

“Jumanne.”

“Jumanne,” mama alirudia. “Na leo kanisani nimesimama mbele ya watu, nikaomba waombee masomo yako na hao nzi wako.”

Mama akakata simu, akaenda kutafuta pikipiki ya kumpeleka Susu hospitali.