Tonge la Mama

Goretti hakuwahi kuzaa, lakini katika kambi ya wakimbizi ya Nakivale kila mtu alimwita Mama Parfait, na aliyethubutu kumwita Goretti kavu kavu alipata jibu lake hapo hapo. Jina hilo alikuwa amelitolea jasho. Kila jioni, kwa miaka sita, alipiga magoti mbele ya mafiga, moshi ukimwingia machoni, akasonga ugali wa muhogo kwa ajili ya watoto wawili ambao hawakutoka tumboni mwake. Wapo wanawake wanaopika siku ya mgeni tu, wakasifiwa mwaka mzima. Anayepika kila siku hasifiwi na mtu. Watoto hula, huacha sahani pale pale, na huuliza kesho kuna nini.

Wa kwanza alikuwa Parfait, wa miaka tisa, mtoto wa maneno machache na macho makali. Wa pili alikuwa dada yake Aurore, wa miaka sita, ambaye maneno ya kaka yake yote alikuwa amepewa yeye. Goretti aliwapata katika kukimbia. Siku vita vilipoingia kijijini kwao, kule bonde la Ruzizi, jirani yake Bénédicte alimfunga Aurore mchanga mgongoni mwa Goretti, akamshikisha Parfait mkononi. "Unishikie bano batoto," alisema, "ninarudia baba yabo." Akarudi mbio nyumbani kumtafuta mumewe. Risasi zikalia upande ule ule alikokwenda. Goretti alisimama njiani akisubiri mpaka watu wakamvuta kwa nguvu, na alipofika Uganda aliandikishwa kama mama wa watoto wawili. Hakuona sababu ya kubisha.

Lakini hakuwaficha jina la mama yao. Kabla ya kula walikuwa wakifumba macho, na Goretti aliomba kwa sauti, "Mungu, umulinde Bénédicte popote aliko." Aurore aliitikia amina bila kujua Bénédicte ni nani, kama watoto wanavyoitikia amina wakiwa na njaa.

Mwaka wao wa pili kambini, posho ilipunguzwa. Unga uliokuwa ukijaza sufuria ukawa unafunika chini tu. Goretti akaanza mchezo wanaoujua akina mama wengi: anawawekea watoto ugali wote na sombe yote, ile mboga ya majani ya muhogo ambayo wengine huiita kisamvu, kisha anabaki jikoni akigongagonga sufuria kama mtu anayekula. Akiingia ndani anajifuta midomo kwa kitenge. "Mimi nimeshakula kule mu jikoni," anasema.

Aurore aliamini. Parfait, aliyekuwa na miaka mitano tu wakati huo, alimtazama mdomo kwa muda mrefu.

"Unadanganya, mama," alisema. "Mudomo yako iko mukavu."

Kisha akakata tonge kutoka kwenye ugali wake, akalibonyeza kwa kidole gumba, akalijaza sombe, akaliweka pembeni ya sahani. Akakaa akilinda tonge lile mpaka Goretti alipolitia kinywani, na hakuondoa macho mpaka alipoliona limeshuka kooni. Goretti alilimeza pamoja na machozi, akasingizia pilipili.

Kuanzia siku hiyo ikawa sheria ya nyumba. Posho iwepo isiwepo, watoto wakila walimwachia mama tonge lake, wakalifunika kwa bakuli. Goretti akitoka jikoni hufunua, hula, na macho manne hufuata koo lake. Siku nyingine alikuwa ameshiba kweli kwa sababu muhogo wa shambani ulikuwa umekubali. Alilila hivyo hivyo. Hakuna nyama aliyowahi kula Goretti ikampendeza kama tonge lile lililopoa.

Sasa sikia jinsi Mungu anavyojibu maombi ya watu wasiojua wanachoomba. Bénédicte alikuwa hai. Risasi ilimpata mguuni, akavushwa hadi Burundi, akaambiwa kwamba wote waliopita njia ile wamekufa, mumewe na watoto wake wakiwemo. Mume alikufa kweli. Miaka ikapita, akaja mji wa Mbarara, Uganda, akapanga chumba mtaa wa Kakoba na kuuza nyanya na vitunguu sokoni. Siku moja mteja wa Nakivale, muumini mwenzake, alimtajia mtoto wa kambini anayeitwa Parfait mwenye kovu la moto begani. Bénédicte aliacha nyanya zake bila mlinzi, akapanda gari la kwanza.

Alipofika, hakupiga hodi. Alisimama uani akimtazama Parfait akichota maji kwenye pipa. Goretti alitoka jikoni na mwiko mkononi, akamtambua, akapiga yowe la furaha ambalo lilikuwa la kweli kabisa. Wakakumbatiana, wakalia, wakaangushana chini. Ni baadaye tu, alipokwenda kuokota mwiko wake mavumbini, ndipo Goretti alipoelewa furaha ile imekuja kuchukua nini.

Nyiramana, jirani wa mlango wa pili, mama wa Kinyamulenge mwenye mbuzi wengi na ushauri mwingi zaidi, alimvuta pembeni. "Ukatae," alimnong'oneza. "Miaka sita! Ule mukubwa anajua sura yake kidogo tu, na mudogo hamujui hata kidogo. Weye ndiye mama."

"Nimemuombea kila siku ya Mungu," Goretti alijibu. "Leo nimuambie Mungu alikosea?"

Alijikaza kisabuni. Aliwaogesha, akawapaka mafuta, akawavisha nguo za kanisani. Bénédicte hakuweza kulala pale kambini. Biashara ilikuwa imebaki peke yake sokoni. Alasiri ile ile wakaondoka. Aurore alikwenda akicheka, kwa sababu alidhani wanakwenda kutembea Mbarara na kurudi. Goretti hakumsahihisha, na hilo lilimuuma kuliko mengine yote.

Jioni hiyo alisonga ugali wa watu watatu. Mikono ilifanya kazi yake bila kuuliza kichwa.

Siku chache baadaye simu ililia. "Dada," Bénédicte alisema, na sauti yake ilikuwa imechoka, "batoto banakatala kula. Nimepika matoke na karanga, hapana. Nimepika muchele, hapana. Aurore anaangalia sahani anasema, hii haiko chakula ya kwetu."

Tuseme ukweli: Goretti alifurahi. Alifurahi mpaka mwili ukamsisimka, kisha akaona aibu, kisha akafurahi tena. Usiku wa aibu ni mrefu, lakini wazo la Aurore akilala na njaa lilikuwa refu zaidi. Kulipokucha alikuwa shambani anachuma majani ya muhogo. Mbarara wenyeji hawali majani hayo, na Bénédicte hakuwa na mahali pa kuyapata. Goretti aliyatwanga mpaka yakalainika, akayafunga kwenye mfuko, akamkabidhi dereva wa teksi ya mjini, akapiga simu.

"Uchemushe mingi, usiharakishe. Mawese uweke mwisho. Kitunguu ukisage, Aurore akikiona anatoa. Bugali usonge mpaka mukono ukuume, ukisikia mukono haukuumi, bado. Na ukoko wa chini ni ya Parfait, usimupe mutu mwingine."

Kila wiki alituma sombe, na kila wiki alitoa siri moja ya jiko lake. Watoto wakaanza kula. Bénédicte alishukuru mpaka akakosa maneno. Goretti alikuwa akikata simu na kukaa juu ya kinu chake kilichopinduliwa, akihesabu ni nini kilichobaki ambacho hajakitoa. Kilibaki kimoja. Hakuwahi kukisema, na hata mwenyewe hakujua kama alisahau au alificha.

Kisha Bénédicte akapiga tena, na safari hii alikuwa analia.

"Banakula, Dada, banamaliza. Lakini kila siku banaacha tonge moja, banafunika na bakuli. Nilifikiri ni ya mimi. Nilinyoosha mukono, Aurore akalia kama ninamuchoma. Anasema ni ya mama. Nikamuambia, si niko hapa? Akasema, hapana, ya mama akija. Asubuhi inakauka, ninatupia kuku. Magaribi banaweka ingine. Dada, hiyo ni nini?"

Goretti alishika simu kwa mikono miwili. Angeweza kusema ni mchezo wa watoto tu, utapita. Au angeweza kunyamaza tu, na kila jioni kule Kakoba tonge lingewekwa kwa ajili yake, na watoto wangekuwa wake milele, hata wakiwa mbali, hata wakiwa wakubwa. Na wangekaa milele wakitazama mlango.

"Kesho ninakuja," alisema.

Aliondoka asubuhi bila kutia kitu tumboni. Vumbi la barabara ya kambini lilimpaka uso mzima. Alifika Kakoba watoto wakiwa shuleni, akakaa mlangoni akimtazama Bénédicte akipika. Mara mbili mkono wake ulinyooka kuuchukua mwiko, na mara mbili aliurudisha mapajani. "Pika weye," alisema. "Leo mi ni mugeni." Alimweleza habari yote ya tonge, tangu mwaka ule wa posho kupunguzwa. Bénédicte alisikiliza bila kuinua uso kutoka kwenye sufuria.

"Kumbe ulikuwa unalala na njaa," alisema mwishowe, "juu ya batoto bangu."

Watoto walirudi kabla ya saa kumi na moja. Aurore alimwona kutoka mbali, akatupa mfuko wa daftari, akamrukia shingoni akipiga kelele mama, mama, mpaka majirani wakachungulia. Parfait alikuja polepole, akashika ncha ya kitenge cha Goretti, hakuiachia. Goretti alinusa nywele zao. Zilinukia sabuni ya mtu mwingine.

Walikula mapema ili mgeni awahi gari la mwisho. Ugali ulikuwa mzuri, sombe imeiva sawasawa. Goretti aliliona hilo kwa jinsi ilivyong'aa. Alisingizia kazi, akasimama kando akipanguza sufuria ambayo ilikuwa safi. Aliporudi, bakuli lilikuwa limefunikwa pembeni ya sahani. Aurore alilifunua kwa mikono yote miwili, uso wake ukiwaka.

"Mama, hii yako! Kila siku tulikuwa tunakuwekea, haukuja. Leo iko moto!"

Tonge lilikuwa na alama ya kidole gumba cha Parfait. Harufu ya mawese ilimpanda Goretti puani, na alikuwa hajala tangu jana.

"Mimi nimeshakula kule mu njia," alisema.

"Kidogo tu, mama."

"Nimeshiba. Umupe mama yako. Yeye ndiye amepika."

Aurore alimtazama kama mtu aliyeambiwa maneno ya lugha nyingine. "Mama ni weye."

Bénédicte aliinamisha kichwa. Goretti alikuwa amejiandaa kwa maneno haya njia nzima, na bado yalimpata kifuani. Alivuta pumzi.

"Mama yako ni huyu. Huyu ndiye Bénédicte tulikuwa tunaombea. Mimi," alisema, na hapo sauti ikamkatika, akaikamata tena, "mimi ni Goretti."

Aurore alianza kulia bila sauti. Parfait hakulia. Aliinua macho, akamtazama Goretti mdomoni, kama alivyomtazama siku ile akiwa na miaka mitano. Midomo ilikuwa imepasuka, na vumbi la Nakivale lilikuwa bado limekauka pembeni mwake. Goretti hakuwahi kumwogopa mtu kama alivyomwogopa mtoto huyo wakati ule. Neno moja tu kutoka kwake na asingeweza tena; angelila tonge lile, angewabeba wote wawili mgongoni mpaka kambini.

Parfait alijua. Goretti aliona wazi kwamba anajua. Mtoto alimeza mate, akaachia ncha ya kitenge, akaisukuma sahani mpaka mbele ya Bénédicte.

"Kula, mama," alisema, akitazama sakafu.

Bénédicte alilichukua tonge, akalitia kinywani, akatafuna huku machozi yakimfika kidevuni. Aurore, bado akilia, aligeuka na kumwangalia koo. Alingoja mpaka lilipopanda na kushuka. Kisha akaifunika sahani tupu kwa bakuli.

Goretti aliaga kwa haraka, kabla miguu haijabadili nia. Hakugeuka nyuma hata mara moja.

Alifika Nakivale giza likiingia. Mioshi ya jioni ilikuwa imetanda juu ya mapaa, kila nyumba na sufuria yake, ila yake. Nyiramana alikuwa uani akiwakusanya mbuzi.

"Mama Parfait! Umerudi! Batoto banakula?"

"Banakula."

"Mungu asifiwe. Na weye, ulikula?"

"Nimeshakula kule," Goretti alisema, akijifuta midomo kwa kitenge.

Nyiramana aliitikia, "Vizuri," akaendelea kuwafunga mbuzi wake. Hakumtazama mdomo.