Betri za Kanze Siku ya Harusi ya Sabdio

Nina mwana ndani ya nyumba: hula bila meno, hushiba bila kunenepa, na siku akinenepa mimi namkimbia. Ni nani huyo? Wewe unayenisikiliza, jaribu. Mtoto mchanga? La. Chatu? Chatu akishiba hunenepa, mwana wee, hata fisi anamjua. Umeshindwa, basi nipe mji. Madogo siutaki, vumbi lake nalijua. Nipe Wema wenye maembe. Haya, nimekwenda Wema, nimekula, nimerudi, nakupa jibu: ni betri ya kamera.

Mimi shule yangu iliishia ya msingi, na betri nilizozijua ni zile za tochi na redio. Haya ya kamera nimefunzwa na mjukuu wangu Kanze, binti wa mwanangu Baya, na nitayasema kwa sauti. Anayetaka kusema kwamba najisifia, aseme. Wa kwangu ni wa kwangu.

Kanze alikuwa Malindi akimsaidia mpiga picha mmoja kushika taa. Akarudi hapa Garsen na kamera yake mwenyewe, iliyotumika lakini nzima. Hakuwa amemaliza hata chai ya kumkaribisha alipomgeukia babu yake, Mzee Nyale, mume wangu.

"Tsawe," akamwambia, maana ndivyo sisi Wagiriama tunavyomwita babu, "utanipa kile chumba cha mbele nifungue studio?"

Chumba hicho kinatazama barabara. Ndani yake mzee ameweka baiskeli zisizo na magurudumu, na amekuwa akisema atazitengeneza tangu Baya akivaa kaptura za shule.

Mzee akakohoa. Akatafuta kofia yake, nayo iko kichwani.

"Siku hizi watu wanajipiga picha kwa simu," akasema.

"Sikukuuliza habari za simu, tsawe."

"Nimesikia ulichouliza." Akainuka akaenda kwa mbuzi wake.

Sote watatu tulijua kwamba bila chumba hicho Kanze angerudi Malindi kumshikia mtu taa.

Ndipo Darmi akaja. Darmi ni Muorma, rafiki yangu wa miaka mingi. Yeye huniletea maziwa, mimi humpa mchicha na mahindi mabichi. Binti yake Sabdio alikuwa anaolewa, na kwa harusi yao kuna alasiri moja ya wanawake peke yao. Wanajifungia hemani, bibi harusi anafunua kichwa, anapakwa samli kwenye nywele na kubarikiwa. Mwanamume haingii. Simu zote zinaachwa mlangoni kwenye kikapu, isije picha ya binti wa watu ikatembea Hola mpaka Garissa. Kwa hiyo mpiga picha lazima awe mwanamke, na awe mmoja tu wa kuaminika.

"Mama Baya," Darmi akaniuliza, "huyu msichana wako anaweza?"

"Anaweza," nikajibu kabla Kanze hajafungua mdomo.

Mzee alikuwa kwenye kiti chake, redio sikioni. "Tuone kwanza hiyo harusi," akasema, "halafu tuongee mambo ya vyumba."

Basi mambo yote yakasimama hapo. Harusi ikienda vizuri, chumba kipo. Ikiharibika, Malindi.

Kanze alijitayarisha kama mtu anayeenda hija. Alichaji betri zake mbili za kamera, akachaji na pawabanki, ile betri kubwa ya kubebea umeme. Alikuwa na haki, maana siku ya harusi umeme ulikatika asubuhi na mapema na mji mzima ukanyamaza. Yeye hakushtuka. Akaziacha betri zake juu ya meza, pawabanki ikiwa mkobani, akatangulia kwa kina Darmi kuangalia hema limekaa vipi na jua.

Huku nyuma, mzee akaziona zile betri.

Sasa elewa, sisi watu wa redio tuna desturi yetu. Betri ikichoka huitupi. Unaianika juani juu ya bati, inapata nguvu, inakupa taarifa ya habari ya siku mbili zaidi. Mzee Nyale ni fundi wa jambo hilo. Akasema moyoni, umeme umekatika, mtoto ana kazi kubwa, wacha nimwongezee. Akazichukua betri za Kanze akazipanga juu ya bati la banda la kuku, na jua la Garsen unalijua.

Kanze aliporudi saa sita, mzee alimpokea akitabasamu. "Nimekuongezea moto," akasema.

Msichana aliziangalia. Moja ilikuwa imevimba tumbo kama chura. Nilidhani atalia. Wala hakupaza sauti.

"Ahsante, tsawe," akasema polepole. "Ila hizi si kama za redio. Hizi jua linaziua."

Mzee akaitazama ile iliyovimba, tabasamu likamtoka. Akaenda kukaa nyuma ya nyumba, redio kaiacha.

"Hawe, lete sahani ya bati," Kanze akaniambia. Hawe ndiye mimi, yaani bibi. Ile iliyovimba akaiweka juu ya sahani, kwenye mchanga, mbali na paa la makuti, akakataza mtu kuigusa. "Hiyo siitii kwenye kamera hata ningelipwa ng'ombe. Ikipasuka inawaka."

Ya pili haikuvimba, lakini ilikuwa moto haishikiki. Nikakimbilia maji. "Usithubutu, hawe!" akacheka. Akaiweka tu kwenye sakafu ya jikoni, kivulini karibu na mtungi, akaiacha ipoe yenyewe. Ilipopoa akaitia kwenye kamera. Kale kapicha ka betri pembeni ya skrini kalikuwa kamebaki nusu, tena nusu ya uchoyo.

"Itatosha?" nikamwuliza.

"Twende," akasema.

Tukapanda bodaboda, yeye na kamera, mimi na hofu.

Hema lilikuwa la kitambaa cheupe, na Kanze alikuwa amekwisha kuwaomba waweke kiti cha bibi harusi upande ambao jua la alasiri linapigia kitambaa. Nilidhani ni urembo. Kumbe alikuwa anatumia jua kama taa yake, ili kamera isile chaji kwa kumulika. Akazima skrini kubwa ya nyuma, akawa anachungulia kwa kile kitundu cha juu, jicho moja kalifumba kama mtu anayetia uzi kwenye sindano. Wapiga picha wengine hupiga kumi halafu wanaziangalia na kuchekelea. Yeye anangoja, anangoja, anapiga moja, anaizima kamera.

"Mbona ana ubahili?" mwanamke mmoja akaninong'oneza.

"Si ubahili," nikamjibu. "Anakula kwa adabu."

Wanawake wakacheza, vumbi likapanda, Sabdio akaingia na kitambaa chake usoni, vigelegele vikapasua hema. Kanze akapiga. Kisha nikamwona amesimama, akitazama pembeni ya kamera. Nikamsogelea. Kale kapicha ka betri kalikuwa kekundu.

Na baraka bado.

Akatoa pawabanki mkobani na kebo moja ndefu, akachomeka. Hakuna kitu. Darmi aliiona ile kebo, akaja mbio mikono ina hina.

"Imekufa?"

"Haijafa, mama Sabdio."

"Mwanangu, mama yangu amekwisha kuinuliwa kitini. Hatabariki mara mbili!"

"Najua, mama. Nipe pumzi moja."

Akaitupa ile ndefu, akatoa nyingine, fupi, nene kama mkia wa panya buku. Akachomeka. Kukatokea alama ndogo ya plagi kwenye skrini. Nikashusha pumzi mpaka miguuni.

Baadaye alinieleza. Ile ndefu ni ya simu, umeme inaopitisha ni kidogo, kamera ikiwa macho haishibi. Na kamera yake inakula kwa kebo ikiwa tu ndani yake mna betri yenye uhai kidogo. Ukingoja betri izime kabisa, kebo haikusaidii pale pale. "Kebo haifufui maiti, hawe," akaniambia. "Inamshika mgonjwa mkono." Ndiyo sababu hakungoja.

Lakini hapo hemani tulikuwa na taabu nyingine. Kebo ni fupi, pawabanki ni nzito, na mikono ya Kanze ni miwili tu. Akiishika, kamera itatikisika. Akiiweka chini, hawezi kusogea.

"Geuka," nikamwambia.

Nikavua leso yangu ya juu, nikaiweka pawabanki ubavuni mwake, nikamfunga kama nilivyomfunga baba yake nikienda shamba: mkunjo chini, fundo begani, pembe moja nikaichomeka ili kebo isivutike. Nilifunga watoto sita na wajukuu nimeacha kuhesabu. Sikuona kwa nini ningeshindwa na huyo.

Wanawake wakaangua kicheko.

"Kanze amezaa!"

"Wa kike au wa kiume?"

"Wa umeme!" Kanze akajibu bila kugeuka. "Na amelala, msimwamshe!"

Hata Darmi alicheka, machozi yakiwa tayari machoni.

Wakamleta bibi mzaa mama wa Sabdio, mkongwe ambaye macho yake yameingia ukungu. Hema likatulia. Sabdio akafunua kichwa. Yule bibi akachovya vidole kwenye samli, akaanza kumpaka mjukuu wake, polepole, akipapasa uso, paji, masikio, kama mtu anayesoma. Midomo yake ikiomba. Kanze akapiga magoti mbele yao, leso yangu imemkaa sawasawa, akapiga, akangoja, akapiga tena. Mkongwe hakuwa na haraka, na kamera nayo haikuwa na haraka. Ilikuwa inakula kwa kebo na kufanya kazi yake mpaka baraka ya mwisho, ile ya kumtemea bibi harusi maziwa kidogo kwa mdomo, ilipokwisha na wote tukaitikia.

Mimi nilisimama kwenye nguzo ya hema. Nilitaka kumwambia kila mtu, yule pale ni wangu. Nikamwambia mmoja, naye akasema anajua, nimekwisha kumwambia mara tatu.

Asubuhi yake Darmi akaja kwetu na kibuyu cha maziwa, akiwa na Sabdio. Umeme ulikuwa umerudi. Tukaingia ndani sisi wanawake, tukafunga mlango, Kanze akatuonyesha. Mzee Nyale akabaki nje kwenye kiti chake. Alimsikia Darmi akilia, kisha sote tukicheka.

"Na mimi?" akaita. "Hamnionyeshi?"

"Wewe Mzee Nyale huruhusiwi!" Darmi akamjibu kutoka ndani. "Humu mna vichwa wazi vya binti zangu!"

"Hata moja?"

"Hata ukucha!"

Darmi akatoka, akafuta macho kwa ushungi, akasimama mbele yake. "Mzee, mama yangu hatakuwepo siku zote. Leo nina mkono wake juu ya kichwa cha mwanangu, na nitakuwa nao siku zote. Aliyenipa ni mjukuu wako. Dada yangu wa Kilelengwani anaoza binti mwezi ujao, ameniuliza Kanze anapatikana wapi. Nimwambie wapi?"

Mzee akamtazama Darmi. Akanitazama mimi. Kanze alikuwa mlangoni, kamera shingoni. Alikwisha kuuliza mara moja na hakuwa mtu wa kurudia.

Mzee akavua kofia.

"Kanze," akasema, "chumba ni chako. Na ubaoni juu ya mlango andika jina lako, kubwa, wasije wakadhani studio ni yangu."